Chuma Nilichokificha Kwenye Mahindi

Nilimuua jirani yangu. Msiniambie ilikuwa ajali. Mkono ulioua ni huu ninaoandikia, na sitaki pole ya mtu!

Mwishoni mwa miaka ya sabini tulikaa nyumba za kampuni huko Makadara, Nairobi. Kama akina mama wengi wa Eastlands, nililima kando ya barabara, pale penye kona: mahindi na sukuma wiki. Ardhi haikuwa yangu, najua. Lakini jasho lilikuwa langu!

Madereva walikuwa wakikata kona juu ya sukuma zangu. Nikiwapigia kelele wananicheka. "Mama, shamba ni huko kwenu rizavu, mashambani! Hapa ni Nairobi!" Niliwachukia, jamani. Niliwachukia mpaka nikakosa hamu ya chakula.

Nikamsumbua mume wangu hadi akaniletea kipande cha reli. Nikakichimbia mwenyewe katikati ya mahindi, nikakishindilia kwa mawe na saruji. Mume wangu akasema nikipake chokaa kionekane.

Kionekane cha nini? Nilitaka mtu akigonge, gari lipasuke, na mimi nicheke! Mahindi yakakua, yakakifunika.

Siku hiyo, saa saba mchana, Baba Achieng wa mlango wa pili alikuwa akirudi na pikapu ya kazini kula chakula. Mkokoteni wa maji ukamkatia njia. Akaukwepa, akaingia kwenye mahindi yangu.

Mahindi tu! Angeshuka akijipangusa vumbi na tungemtania mwezi mzima. Lakini chuma kilikuwa humo. Usukani ulimbana kifua, akakata roho kabla hatujafungua mlango.

Polisi wakauliza chuma ni cha nani. Nilikuwa wa kwanza kujibu: "Ni cha watu wa barabara." Mume wangu aliinamisha kichwa.

Wiki nzima ya matanga nilishinda kwa Mama Achieng, nikipika chai, nikiosha vikombe, nikiimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa kuliko wote. Mnafiki mkubwa mimi!

Nyumba ilikuwa ya kazi ya marehemu, kwa hiyo mjane akapewa notisi. Asubuhi ya kuhamia kwao Siaya na watoto wanne, nilimfuata kwenye lori. Nilishindwa kuvumilia.

"Mama Achieng, kile chuma..."

"Ni chako. Nilikuona ukikichimbia, nikiwa nakinga maji mferejini. Nilidhani utakipaka rangi kama watu."

"Mbona hukuwaambia polisi?"

"Nilikuwa nakungoja wewe! Kila ulipoingia kwangu na birika nilijiambia, leo atasema. Ukaimba tu. Ondoka hapa! Usiwaguse watoto wangu!"

Lori likaondoka nikiwa nimesimama pale pale. Jioni ile nilikwenda na sururu nikaking'oa kile chuma, kazi ya bure. Mume wangu ananisemesha neno la lazima tu mpaka leo, na mahindi sili.

Wewe uliyechimbia chuma kwenye ua, uliyejaza pipa saruji mbele ya kioski ili "madereva wakome", nakuambia wewe! Ndani ya gari kuna mtu, na pengine mnakinga maji mfereji mmoja. Kang'oe leo.

Na kama kimeshaua, kaseme sasa hivi, kabla mjane hajapanda lori.