Tulivyowaambia watoto tisa kwamba mama zao wamekwenda Mwanza

Mwangaluka wakuu. Na nyie msiojua Kisukuma, habari za asubuhi.

Mimi ni bibi wa Bariadi. Shule niliishia darasa la nne, herufi zikigongana mtanisamehe. Simu kaninunulia mjukuu wangu Minza, na ID hii kanifungulia yeye. Haya niliyaona kwa macho yangu, jua likiwa utosini, sikuwa nimelala wala kunywa.

Najua wapo watakaosema hii ni chai, stori ya kutunga. Chai mimi nanywa asubuhi na kiporo cha viazi. Anayeona chai humu apite.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mkoa wetu bado Shinyanga. Serikali iliruhusu kila mtu afanye biashara. Wanunuzi wa pamba wakaja wa kila aina, mitumba ikamwagwa mnadani, mabasi ya watu binafsi yakaanza kwenda Mwanza.

Na ule ugonjwa nao ukaja, huo haukuomba ruksa.

Tulizika jamani. Pamba inapandwa mwanamke yupo, inavunwa hayupo.

Binti yangu Nkamba alikatia roho mikononi mwangu, akaniachia Minza wa miaka saba. Sikulia. Watu walinisifu kwa hilo, na mimi nikajisifu.

Nikawakusanya wanawake wenzangu watano, tukaanzisha kikundi cha watoto waliofiwa. Siku hizi mnaita NGO, inakuwa na ofisi na muhuri. Sisi tulikuwa na jamvi, sufuria la uji na ua wa nyumba yangu. Mwenyekiti mimi. Kusoma sikujua sana, ila kusema nilijua.

Kikao cha kwanza swali lilikuwa moja tu. Mtoto akiuliza mama yuko wapi, tumjibu nini?

Maana kwetu enzi hizo mtoto hakupelekwa makaburini. Maiti inatoka ndani, yeye kafichwa kwa jirani anatafuna karanga.

Mama Shija, mcheshi wetu, akasema, "Si tuseme wamekwenda Mwanza? Siku hizi nani hajaenda Mwanza!"

Tukacheka. Nikapitisha. Ikawa sheria ya kikundi.

Watoto tisa, mama tisa, wote Mwanza.

Mwanzoni mambo yalitulia. Watoto wakanywa uji, wakabuni mchezo wa basi. Walipanga matofali mawili mawili uani kama viti, wakakaa, mmoja akanguruma kama injini. Ila kila mtoto alikalia tofali moja, la pili akaliacha wazi.

Siku moja miguu inaniuma, nikakaa kwenye tofali moja tupu. Kitoto cha miaka minne kikapiga yowe.

"Bibi, umemkalia mama!"

Mama Shija akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi niliinuka haraka, wakuu. Lile tofali lilikuwa kivulini tangu asubuhi, lakini lilikuwa na joto.

Siku chache baadaye namsuka Minza, akasema taratibu, "Bibi, mayu hajui njia."

Mayu ni mama kwa Kisukuma.

"Njia ya wapi?"

"Ya Mwanza. Anasema wewe umesema amekwenda, na yeye hajui njia. Wote hawajui. Wanazunguka tu hapo nje."

Nilimpiga kofi. Ndiyo, nilimpiga, andikeni mnavyotaka.

Hakulia. Akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto muongo.

Kesho yake mchana nimeepua uji, natoka nje kuwaita, ua mtupu. Matofali kumi na nane yamepangwa, hakuna mtoto hata mmoja.

Nikajua wameelekea wapi. Nikashika barabara ya Dutwa, ndiyo njia ya Mwanza, mbio, kitenge kikadondoka sikurudi kukiokota. Barabara ile msimu wa pamba malori yalipita kama yanafukuzwa, na mengine breki zake ni maombi. Watoto tisa, mkubwa ana miaka tisa.

Nikakutana na Masanja muuza maziwa, anatoka upande ule na baiskeli yake.

"Masanja, umeona watoto?"

"Nimewapita pale mbele. Mbona unahema hivyo, mayu? Wako na mama zao."

"Mama zao gani?"

"Sasa mimi wake za watu nitawajulia wapi? Kila mtoto na wake, wameshikana mikono. Nimewasalimia hawajaitika. Wana maringo!"

Akapanda baiskeli akaenda zake anapiga mluzi.

Nilitaka kukaa chini. Miguu ikakataa, ikaendelea yenyewe.

Nikawaona.

Walikuwa katikati ya barabara, mstari mmoja, hawaongei. Kila mtoto kanyoosha mkono wa kushoto ubavuni, juu kidogo, vidole vimekunjwa kama vimeshika mkono wa mtu mzima. Pembeni yao hakuna mtu. Upepo hakuna. Hata ndege sikuwasikia.

Nikaita. Hawakugeuka.

Halafu nyuma yangu, bado mbali, nikasikia lori. Hapo ndipo walipogeuka, wote kwa pamoja, wakajipanga kuziba barabara, wakaanza kupunga mikono ya kulia kulisimamisha.

"Basi letu hilo," Minza akasema.

Nilifika nikamvuta wa kwanza. Mzito kama gunia la pamba iliyoloa. Wa pili vilevile. Mtoto wa miaka minne, sikuweza kumsogeza!

Lori linapiga honi.

Basi nikasema. Nilipiga kelele mpaka koo likachanika.

"Mama zenu hawakwenda Mwanza! Wamekufa! Niliwaosha mimi kwa mikono hii, tukawazika! Nimewadanganya!"

Mikono ikaanza kushuka. Mmoja, mwingine, mwingine. Vilio vikaanza, wakanikimbilia, nikawasukumia majanini. Nikawahesabu, wanane.

Minza alibaki barabarani. Mkono bado umenyooka, anatazama juu, kwa mtu aliyenizidi urefu. Nkamba alinizidi urefu.

"Bibi," akauliza, "na huyu je?"

Nikapatazama pale patupu. Nikasema, "Nkamba, mwanangu. Ulikufa. Mimi ndiye niliyekutuma njia isiyokuwepo, kwa sababu nilishindwa kukulilia. Mwachie mtoto. Rudi ukapumzike."

Nikalia. Mara ya kwanza tangu nimzike.

Vidole vya Minza vikafunguka kimoja kimoja, kama kuna mtu anavifungua. Akaja mwenyewe. Lori likapita na vumbi lake, na vumbi lilipotulia barabara ilikuwa nyeupe, tupu pande zote mbili.

Jioni ile ile tuliwapeleka makaburini. Kila mtoto akaweka udongo wake na kusema lake. Matofali nikajengea jiko la uji.

Sheria ya kikundi tukaibadilisha, na mpaka leo, tumesajiliwa na muhuri tunao, ndiyo ya kwanza kwenye karatasi: mtoto aambiwe ukweli siku hiyo hiyo, na aende kuzika.

Masanja hakukubali kamwe kwamba hakuona watu. Miaka mingi baadaye alinisimamisha mnadani, "Mayu, wale wanawake walifika?" Nikamwambia walirudi.

Minza sasa ndiye kiongozi wa kikundi, kasoma mpaka chuo, na nikimtaja kifua kinanijaa. Macho yangu yana mtoto wa jicho, anataka kunipeleka hospitali Mwanza. Sijawahi kufika huko maisha yangu yote. Nimemwambia nitakwenda, ila anishike mkono njia nzima, huo wa kushoto.

Nilichojifunza wakuu: kifo hakimuumizi mtoto kama kusubiri. Na uongo unaomwambia mtoto, na marehemu anausikia.

Sasa nyie mliofiwa wadogo, mliambiwa nini? Aliyeambiwa "amesafiri", aliambiwa amekwenda wapi? Andikeni hapo chini, Minza atanisomea. Nataka kujua bado kuna wangapi barabarani.