Meseji Iliyotumwa Kwenye Simu ya Mezani

Nakumbuka mchana mmoja nimesimama peke yangu katika chumba changu cha kazi, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, nimeipindua simu ya mezani kichwa chini miguu juu, naitikisa. Natafuta meseji. Jasho linanitoka, baibui nimelivaa nje ndani, na kule Raskazone nimeacha mkono wa mtoto wa watu umeshaanza kuvimba. Cheka, mwanangu, cheka tu, hata mie sasa nacheka. Siku ile sikucheka.

Umenitumia sauti jana, nimeirudia kuisikiliza. Unafungua mgahawa wako Ushongo, na fundi wa kibao anakusubiri umpe namba ya kuandika. Kijana wa duka la simu kakwambia kuna namba ya bure, kuna namba fupi, kuna ya mezani inayopita kwenye intaneti, kuna ya kutuma meseji kwa watu wengi ikatokea jina lako badala ya namba. Ukasema, "Ma'mdogo, kichwa kinaniuma." Na mie kiliniuma vilevile kukusikiliza. Sikufichi, nusu ya hayo siyajui. Lakini lililonipata nitakwambia, kaa kitako.

Enzi hizo nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeolewa, na kazi yangu kupamba maharusi: kuwasugua mwili kwa singo ya manukato, hina, piko, kufukiza nguo udi. Kazi alinifundisha shangazi yangu, Bi Mwanatumu wa Pongwe. Nilianzia nyumbani, na simu yangu ya mkononi ilikuwa ya kila mtu. Anapiga mteja, anapiga wifi, anapiga muuza mkaa. Kibao changu cha kwanza niliandika namba hiyohiyo, basi ikawa balaa. Wanaume wasio na kazi wanapita, wanasoma, wanapiga: "Bibi wa piko, na mie nipake!" Jamani! Mume wangu si mkali, lakini siku moja alipokea yeye. Akanirudishia simu, na mie nikaona aibu utadhani nimefanya kitu.

Nilipopata chumba cha Ngamiani nikakuta simu ya mezani, ile ya waya, imeachwa na mawakala wa bandarini waliokuwa wamepanga kabla yangu. Nikaona hii ndiyo dawa. Mhuni gani atafanya utani na simu ya mezani? Tena ina heshima yake, watu wakiiona wanajua huyu ana ofisi. Nikaenda kuifungulisha. Fundi wa kibao akaniuliza, "Na ya mkononi niweke?" Nikamwambia, "Hiyo ya nyumbani, iache." Sasa niambie weye, nilikosa wapi? Kila nikilipima jambo hili naona nilikuwa na haki, halafu naukumbuka ule mkono, nachanganyikiwa upya.

Akaja mama mmoja wa Raskazone, anamwoza binti yake Zainabu. Mama wa maneno machache, anajua anachotaka. Tukakubaliana siku, tukakubaliana singo, na piko mikono na miguu. Nikampa kadi yangu yenye namba ya ofisi. Binti mwenyewe sikumwona, maana kishawekwa ndani, na bibi harusi wa kwetu akiwekwa ndani hatembei ovyo.

Piko unalijua, ile rangi nyeusi ya maua. Wengi wetu tulikuwa tukilichanganya na dawa ya kupaka nywele nyeusi, ili likolee upesi. Kuna ngozi zinazoikubali na kuna zinazoungua. Mie nilikuwa sijapata kuona mtu ameungua, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi.

Siku ilipofika nikaenda. Chumba kimejaa wanawake, moshi wa udi huoni mtu wa pili, na shangazi wa bwana harusi kajikalia jirani kabisa na bibi harusi, anakagua kila kitu. Zainabu akaniamkia, "Shikamoo, dada," kisha akaniangalia kwa namna, kama mtu mwenye siri na mie. Nikadhani ni woga wa harusi. Nikamkonyeza, kumtia moyo. Akashusha pumzi, akanyoosha mkono wake wa kulia mwenyewe, hata sijamwomba. Nikasema moyoni, huyu bibi harusi jasiri.

Nikapaka. Maua ya mgongo wa mkono hayajakamilika, naona anauma mdomo.

"Vipi, bibie?"

"Panawasha."

"Piko bichi lina tabia hiyo, vumilia kidogo."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu, astaghfirullah. Nikaendelea. Punde macho yakamjaa machozi, akauvuta mkono kwa nguvu, akasema mbele ya kadamnasi, "Dada, si nilikuandikia?"

Mamake akauliza, "Ulimwandikia nini?"

Mtoto wa watu hakuwa na pa kukimbilia. Akatoa simu chini ya mto, mamake akaipokea, akasoma kwa sauti: "Dada mpambaji, mie Zainabu. Naomba piko langu usitie dawa ya nywele. Niliwahi kupaka nikiwa shule, mkono ukatoka malengelenge. Mama hajui. Usinijibu, simu yangu inashikwa na watu."

Wote wakanigeukia mie. Nikatoa simu yangu ya mkononi, natafuta, hakuna kitu. Nikaapa sijapata meseji. Mama Zainabu akaniuliza, "Namba hii si ya kadi yako?" Nikaitazama. Yangu kabisa. "Basi mbona hapa pameandikwa imetumwa?" Nikasema hiyo ni ya mezani. Akaniuliza, "Kwani ya mezani haina mwenyewe?" Na kweli, mwanangu, mwenyewe nilikuwa mie.

Hapo tena kila mtu akawa mtaalamu. Shangazi wa bwana harusi akasema meseji imo ndani ya simu, ila sijui kuifungua. Mwingine akasema haiwezi kuwemo, simu ile haina kioo, itasomwa wapi? Mwingine akasema ya ofisini kwa mwanawe ina kioo. Wanabishana wao, mie nauosha mkono wa Zainabu kwa sabuni na maji tele, na rangi haitoki. Mamake akaingiza gari barabarani kumpeleka hospitali. Mie sikuitwa kupanda.

Nikakimbilia bajaji, nikaenda Ngamiani. Usiniulize kwa nini. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Kama meseji ipo, mkosaji ni mie niliyepuuza. Kama haipo, imekwenda wapi, na aliyeambiwa imetumwa alidanganywa na nani? Ndipo uliponikuta mwanzoni, nimeipindua simu ile naitikisa. Nikabonyeza kila kitufe. Mara ikalia mikononi mwangu, nusura niitupe. Kumbe mama mwingine wa watu anauliza nafasi za mwezi ujao. Anasikika vizuri sana. Simu haikuwa na ubaya wowote, mwanangu, nzima kama ilivyotoka kiwandani. Kuongea inaongea. Kupokea maandishi ndiyo hayamo katika kazi zake, na mie sikupata kujiuliza.

Nikaenda Pongwe kwa shangazi. Nilitaka anipoze, aseme ni ajali. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anachambua mchele wake.

"Huyo bibi harusi, mamake alikuwa anakaa naye chumba kimoja?"

"Ndiyo, shangazi."

"Angepiga simu angesema nini?"

"Asingesema kitu."

"Basi hiyo namba uliwawekea akina mama. Mwenye mkono hukumwekea njia."

Nikajitetea. Nikamwambia habari za wahuni na utani wao, na mume wangu, na aibu niliyopata. Akasema, "Sikukatazi kuwafungia wahuni. Lakini mlango uliowafungia wao umemfungia na yeye, na hukwenda kuchungulia nani kabaki nje. Halafu mdomo ulikuwa nao. Nilikufundisha kumuuliza bibi harusi mwenyewe kabla hujamshika mkono. Hukuuliza. Ulidhani ukiwa na ofisi, kila neno litakufuata huko."

Sikujua nilie au nikasirike. Yule bibi simu yenyewe alikuwa hana. Mpaka leo sijui alinikemea kwa ajili ya simu au kwa ajili ya mdomo wangu, na nadhani hata yeye hakuvitenganisha.

Zainabu aliolewa siku ileile iliyopangwa, mkono wa kulia umefungwa bandeji, umefichwa chini ya shela. Mamake alimnunia, si kwa sababu ya piko, bali kwa sababu alifichwa. Harusi ilipokwisha nikaenda kumwomba radhi Zainabu nyumbani kwake, nimejitayarisha kutukanwa. Hakunitukana. Alinikaribisha chai, akaimimina kwa mkono wa kushoto.

Akaniambia, "Mkono utapona, dada. Lakini uliponikonyeza nilijua umesoma. Ulipoanza kupaka nikasema, huyu kanisoma, akaona sina maana, akaendelea na kazi yake. Ndiyo maana nilinyamaza pale mwanzo. Ningemwambia nini mtu aliyekwishanidharau?"

Mwanangu, nilimlilia pale pale, mie mkubwa yeye mdogo. Kumbe alivumilia kuungua akiamini nimemsoma nikampuuza. Nikamweleza habari ya simu, akaitikia tu kwa adabu. Sijui kama alinisadiki.

Kwa hiyo, habari za namba za yule kijana wako wa duka la simu ninazichukua hivi. Namba ya bure na namba fupi ni za mashirika yenye watu wa kukaa wakipokea simu kutwa, weye na jiko lako ziache kwanza. Hiyo ya kutuma meseji kwa jina lako, muulize: mgeni akijibu, jibu linakwenda wapi? Mie nilimuuliza muuza simu wa kwetu hapa, akaniambia mara nyingi halina pa kwenda. Ukiitumia kutangazia, basi ndani ya tangazo taja namba ya kukujibu. Ya mezani ukiitaka, itake, ila kibaoni iandikwe kwamba ni ya kupiga tu. Hiyo inayopita kwenye intaneti wanasema nyingine zinapokea meseji, nyingine hazipokei. Mie sizielewi, nawe usiziamini kwa maneno ya muuzaji.

Chukua laini ya mkononi, ya kazi peke yake, isajiliwe kwa kidole chako mwenyewe, si cha kaka yako wala cha mchumba, siku mkikosana asije akaondoka na wateja wako. Laini hiyo iweke kwenye simu ya peke yake, iunge na hayo mambo ya kuchati ya biashara, na ukifunga jiko izime ulale. Ya nyumbani ibaki ya nyumbani. Kisha kabla fundi hajachovya brashi, mwambie mtu aipigie, mwingine aiandikie, mwingine atume picha, wa mtandao huu na wa mtandao ule. Njia isiyokufikishia kitu, usiiandike kibaoni.

Na mgeni akishafika, muulize kwa mdomo vilevile. Maana huko Ushongo atakuja mtu ambaye kamba wa baharini akiwala wanamvimbisha koo, na anaona haya kusema mbele ya wenziwe. Atakuandikia kimyakimya, halafu atakaa mezani kwako, atakutabasamia, atakula kila utakachomwekea, kwa sababu anaamini umemsoma.

Haya, mwanangu. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako na jiko lako, akuepushe na wahuni wa simu, akuletee wageni wema wa kupiga na wa kuandika, na asiwepo hata mmoja atakayetoka kwako akidhani umemdharau. Amin.