Sahani ya Chiriku

Mama Santuri alikuwa na duka dogo la sahani za muziki, ghorofani, juu ya fundi saa, na ukipanda zile ngazi kumi na saba ulisikia besi miguuni kabla hujasikia wimbo masikioni. Nyimbo za redioni hakuuza. Yeye aliuza hausi, muziki wa dansi wa mpigo usiokatika, na ule muziki wa mitambo unaotengenezwa vyumbani na watu ambao hata jirani zao hawajui wanafanya nini: sahani mia tatu, mia tano, zikiisha zimeisha. Kushoto yalikaa matoleo mapya. Kulia yalikaa ya zamani yaliyochapwa upya, maana siku hizi ziko kampuni zinazofukua nyimbo zilizokufa miaka thelathini iliyopita, zikazifuta vumbi na kuzirudisha duniani kwa jalada jipya na bei mpya.

Kila sahani aliiandikia kikadi kwa mkono wake na kukibandika juu ya jalada. "Ngoma kavu, kinanda kimoja. Mwenye haraka asinunue." Au: "Upande wa pili ndio mali. Wa kwanza ni salamu tu." Wateja walisoma kikadi kwanza ndipo wakaitazama sahani. Hakuwahi kusifu kibovu, hata kikimkalia dukani mwaka mzima, na kwa hilo alijivuna, tena waziwazi.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, mfupi, mwenye ulimi. Ndugu alikuwa na mmoja tu, mdogo wake wa kike, ambaye tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa sababu ya sauti. Chiriku alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto. Alikuwa na mume mcheshi, mabinti wawili waliosoma, nyumba yenye bustani, na ngozi ambayo ilikataa katakata kuzeeka. Wivu wa Mama Santuri kwa mdogo wake ulikuwa wa siku nyingi kama mba: haukumuua, ulimwasha tu.

Wakiwa wasichana walitoa sahani moja. Dada mtu ndiye aliyeisumbukia. Alijifungia chumba cha nyuma cha karakana ya baba yao, katikati ya cherehani mbovu, na mashine ya ngoma ya kuazima na kinanda cha umeme kilichokosa vitufe viwili, akapanga mpigo ule miezi minne. Mdogo aliingia Jumapili moja mchana, akaimba mara mbili, akaomba chai. Ilipofika zamu ya jalada, dada mwenyewe ndiye aliyesema, "Weka jina lako na sura yako. Sura yangu nani atainunua?" Alisema kwa hiari yake, huku akicheka. Kisha akakasirika miaka thelathini na moja kwa kuwa alisikilizwa.

Zilitoka sahani mia tano. Wahenga wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ile haikujiuza wala haikujitembeza, ililala chini ya kitanda. Tena kiwanda kilikuwa kimekosea. Wimbo ulitengenezwa uchezwe kwa mwendo wa arobaini na tano, ule wa haraka, lakini kwenye karatasi ya katikati ya sahani wakachapa thelathini na tatu, wa polepole. Asiyejua mambo ya sahani aelewe hivi: ukikosea mwendo namna hiyo, wimbo unatambaa, na sauti ya mwanamke inageuka ya mwanamume. Mama Santuri alikaa sakafuni akisahihisha kwa kalamu, moja baada ya moja, hadi kidole kikavimba. Alipofika kama mia nne akachoka, akasema liwalo na liwe. Chiriku hakuyajua hayo, alikuwa bwenini kwenye chuo cha uuguzi.

Basi mwaka huu mojawapo ya zile mia moja ambazo hazikusahihishwa iliwaangukia wafukuaji. Barua ikaenda kwa mwenye sura.

Chiriku alipanda ngazi mbio, na sare yake ya kazi mwilini. "Dada! Wamenitafuta! Wanataka kuichapa upya ile sahani yetu!"

"Kina nani?"

"Si hawa hapa!" Akanyoosha kidole upande wa kulia, kwenye safu ya juu kabisa. "Hawa unaowasifia kila siku!"

Mama Santuri alikohoa. Kampuni ile alikuwa ameiandikia barua mara mbili, akawapelekea nyimbo alizotengeneza peke yake, ngoma na kinanda bila mwimbaji. Hawakumjibu hata kwa tusi. Leo wamemwandikia muuguzi asiyejua sindano ya santuri inakaa upande gani. Kwake sindano ni ile ya kudunga watoto.

"Wananiita mwasisi," Chiriku akasema kwa haya kidogo.

"Mwasisi wa nini?"

"Hausi ya chini kwa chini. Ndiyo nini hiyo, dada?"

"Hongera, mdogo wangu," Mama Santuri akasema, akaanza kupanga upya sahani zilizokwisha kupangwa.

Baada ya mwezi Chiriku alirudi na bahasha kubwa nyeupe. Ilikuwa sahani ya majaribio, ile inayotumwa kwa mwenye wimbo aisikilize na kutoa idhini kabla ya kiwanda kuchapa zote. Kampuni yenyewe ilijigamba kwamba haiweki kitu mtandaoni. Anayetaka kusikia, anunue sahani. Kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine ya kuusikia wimbo.

"Mimi kwangu sina hata mashine ya kuchezea," Chiriku akasema. "Nimewaambia masikio ya ukoo wetu anayo dada. Ukisema ndiyo, nami ndiyo. Wakishaanza kuchapa hawarudi nyuma." Akambusu dada yake shavuni, akakimbilia zamu.

Mama Santuri alifunga mlango kwa komeo, mchana kweupe, akaweka sahani kwenye mashine. Karatasi ya katikati iliandikwa thelathini na tatu. Akaiachia hivyo hivyo.

Alianza kwa kucheka. Mpigo wake ulikuwa unatembea kama mtu aliyemeza dawa ya usingizi, na juu yake likaimba dume la mtu, zito, la kukoroma, likisema maneno ya msichana wa miaka kumi na tisa anayesubiri kufunguliwa mlango. Wale mabwana na sifa zao zote walikuwa wameamini karatasi ya kiwanda! Simu moja tu ingemaliza mambo. Alishaichukua simu.

Akabonyeza kwanza kitufe cha arobaini na tano, ahakikishe. Sauti ya Chiriku ikatoka yenyewe, nyembamba, safi, na Mama Santuri akasimama pale na simu mkononi hadi wimbo ulipokwisha. Akaurudia. Miaka thelathini na moja alikuwa amejiambia kwamba kazi ni yake na mdogo wake alipita tu kunywa chai. Sasa masikio yale yale aliyojivunia, ambayo hayakuwahi kumdanganya mteja, yalimwambia kwamba ngoma ilikuwa ya kawaida na kinanda kilikuwa cha kawaida, na kilichoubeba wimbo kilikuwa ile sauti ya Jumapili moja. Roho ilimwuma hadi akakaa kitako. Miezi minne! Mwenzake mara mbili na kikombe cha chai!

Simu ikalia mkononi mwake.

"Dada, umesikiliza?"

"Nimesikiliza."

"Iko sawa?"

Akautazama ukuta. "Iko sawa."

"Kabisa?"

"Kabisa, mdogo wangu. Waambie wachape."

Hesabu yake ilikuwa fupi: watu watacheka wiki moja, mwasisi atakuwa kichekesho, kisha watasahau. Mwenye kijicho huwa hapigi hesabu ndefu. Sahani ilitoka, na watu wakapagawa nayo. Gazeti moja la muziki lilisifu sauti ile nzito na mwendo usioogopa kuchelewa, likasema ni kitu kilichotangulia wakati wake. Katoni ya kwanza dukani iliisha kwa siku tatu. Ya pili ikaja. Wateja ambao Mama Santuri aliwafundisha yeye mwenyewe kusikiliza walisimama mbele ya spika wakifumba macho.

"Mama, hii mbona haina kikadi?"

"Kalamu imeisha wino."

Wino huo uliisha wiki mbili. Yeye anayesoma mgongo wa kila jalada hadi anwani ya kiwanda, la sahani hii hakuligeuza hata mara moja. Alilishika kwa pembe, akapokea pesa, akaangalia kando ili asionane na ile sura ya miaka kumi na tisa inayocheka. Chiriku naye hakupiga simu siku zote hizo. Mama Santuri alikishukuru kimya hicho, akakihesabu kuwa ni maringo ya ustaa.

Jumamosi adhuhuri, duka limejaa na sahani yenyewe inazunguka, Chiriku akaingia. Alikuwa na viatu vyake vya wodini na mkoba begani. Akasimama mlangoni, akatikisa kichwa taratibu kufuata mpigo, akapenya hadi kwenye kaunta.

"Dada, nani huyu anayeimba? Bwana huyu ana sauti, jamani."

Mama Santuri akainamia sanduku la chenji. Mteja mmoja mwenye ndevu alimwinulia jalada. "Hii hapa, bibi. Ya zamani hiyo, imechapwa upya."

Chiriku aliitazama sura yake mwenyewe. Alisikiliza mstari mmoja, wa pili, midomo ikifuata maneno, na kila neno midomo ilifika mapema kuliko sauti.

"Huyu siye mimi," akasema.

Mama Santuri angeweza kudanganya. Angesema mitambo ya zamani, kanda iliyoharibika, na muuguzi angeamini. Lakini mkono ulishatangulia, ukabonyeza kitufe. Wimbo ukaruka, ukapata miguu yake, na msichana wa miaka kumi na tisa akaimba dukani. Chiriku aliweka mkoba chini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa, na wateja wakatazamana.

"Siku ile nilipokuletea uliisikia ile ya kwanza au hii?"

"Zote mbili."

"Ukaniambia iko sawa."

"Nikakwambia iko sawa."

"Kwa nini, dada?"

"Wivu," Mama Santuri akasema. Alijishangaa lilivyotoka kirahisi. "Wivu tu, mdogo wangu. Sina lingine."

Chiriku hakufoka. Alilichukua jalada mkononi mwa yule mwenye ndevu, akaligeuza, akaliweka juu ya kaunta. Mama Santuri akavaa miwani ya kusomea. Mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote, ulikuwa jina lake kamili, na la baba, na la babu. Chini yake: Ngoma, kinanda na utunzi wote ni wa dada yangu. Mimi niliimba tu.

"Niliwagomea," Chiriku akasema polepole. "Niliwaambia bila jina la dada sitii sahihi. Nikasema nisikwambie, utaona mwenyewe, maana wewe husoma kila kitu. Nimesubiri simu yako wiki mbili. Nikadhani labda wameliandika vibaya jina, umekasirika. Ndiyo maana nimekuja."

Mama Santuri aliusoma mstari ule mara tatu. Furaha haikuja. Kilichokuja ni kile kile cha siku zote, kikali kuliko jana: alimwonea mdogo wake wivu kwa kuwa na moyo wa kuandika vile.

"Mama," mteja mmoja akaita kutoka nyuma, "haya mambo ya kukimbia siyo. Turudishie ile yenyewe!"

"Ndiyo, ile nzito," mwingine akadakia.

Chiriku akainua mkoba wake. "Warudishie, dada. Ndiyo waliyoilipia."

Mama Santuri akabonyeza kitufe, na lile dume likarudi kuomba lifunguliwe mlango. Chiriku alishuka ngazi. Tangu wakiwa wadogo hakuwahi kuondoka bila kusema "haya dada, tutaonana," na siku hiyo hakusema.

Mwenye ndevu alirudi kuchukua jalada lake pale kaunta. "Mama, kwani yule bibi ni nani?"

"Ndiye anayeimba hapo," Mama Santuri akasema.

Yule bwana akalisikiliza lile dume kidogo, akakumbuka sauti nyembamba ya yule bibi, akacheka hadi akashika kaunta, akawageukia wenzake kuwapa utani wa Mama Santuri.