Matairi Yaliyofunikwa Blanketi

Kaka yangu hatupi kitu. Gerejini wanamwita Akiba, na jina hilo limemkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wetu. Vipande vya kamba, misumari iliyopinda, makopo ya rangi iliyokauka, vyote anaviwekea siku yake. Wifi yangu aliwahi kukuta kabatini sabuni ya harusi yao, haijaguswa, imekauka mpaka ikapasuka. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Siku hizi nikiikumbuka sabuni ile sicheki.

Kazi yake ni matairi. Binti yake, mtoto wao wa pekee, alikulia humohumo gerejini akapenda mbio za magari, na baba mtu ndiye humchagulia matairi ya kufunga. Gari lao la mbio ni dogo, limeng'olewa kila kitu kizito. Wanaume wanne huliinua kama meza. Siku ya jua wepesi huo ni raha tupu. Kwenye mvua ni balaa: gari zito hulikandamiza tairi mpaka likayakata maji, lao huelea juu yake. Ndiyo maana kaka hulitafutia tairi jembamba, lenye mifereji ya kina na mpira laini. Ulaini anaupima kwa ukucha wa dole gumba. Ukizama ukaacha alama, mpira ni mzima. Sikuwahi kumwona akifunga tairi bila kulifinya kwanza.

Miaka kadhaa nyuma alipata seti nzuri ya mvua, na binti akashinda nayo. Basi! Kaka akayavua matairi yale, akayaosha, akayafunika blanketi juu ya dari ya stoo, chini kidogo tu ya mabati. "Haya ni ya siku kubwa," alisema. Jua likawa linayapika kila mchana, na binti akawa anashindana kwa mengine.

Siku kubwa ikaja na mvua yake. Mimi nilishika mwavuli. Maji yalikuwa yametuama kwenye kona ya kwanza.

"Baba, niachie haya haya," binti alisema. Yaliyokuwa kwenye gari yalikuwa yamelika nusu. "Nayajua. Yanashika."

"Hayana meno haya. Utaelea."

"Nitapunguza mwendo kwenye madimbwi."

"Mbio za kupunguza mwendo umeziona wapi? Yale tumeyatunza ya nini? Akiba haiozi, mama."

"Shangazi, mwambie basi!"

"Kaka, msikilize mtoto," nikasema.

"Wewe dada, shika mwavuli."

Kulikuwa na baridi, amevaa glavu. Yale ya akiba alikuwa ameyaleta vilevile yamefunikwa. Alilivuta blanketi, akaitazama ile mifereji mirefu, akatabasamu peke yake. Akafunga yote manne harakaharaka, kwa furaha ya mtu ambaye siku yake imefika. Hakufinya hata moja.

Magari yakapangwa. Kaka akavua glavu, akainama kulipapasa tairi la mbele kama anayeaga, na ukucha ukaenda wenyewe pale ulipozoea. Ukapinda. Akafinya tena kwa nguvu zake zote, akatazama. Mpira ulikuwa mgumu kama ubao, hauna alama. Sijapata kuona uso wa mtu ukizeeka ghafla namna ile.

"Zima! Zima gari!"

Injini zilikuwa zinanguruma. Binti, masikio yamezibwa na kofia ngumu, aliona mkono wa baba yake ukipunga akadhani anambariki. Akamwinulia dole gumba. Bendera ikashuka.

Kwenye kona ya kwanza wenzake waligeuka. Gari letu lilikwenda moja kwa moja hadi ukutani.

Yuko hai, tunashukuru. Hajatembea bado. Kaka hukaa pembeni ya kitanda chake, na neno akiba hatulitamki tena mbele yake.

Siku ile, wote walipokwenda hospitali, mimi nilibaki kukusanya vyombo. Yale matairi yaliyolika yalikuwa bado yameegemezwa kwenye boksi la spana, yananyeshewa. Nikalifinya moja kwa ukucha wangu. Ukazama, ukaacha alama.