Mshiriki Mmoja Alitolewa

Mimi ni mtu wa kushuku, na siombi radhi kwa hilo. Ukiniambia chai iko tayari, nachungulia birika kwanza. Kwa hiyo asubuhi ile ya kongamano, waliponivisha beji na kunikabidhi maiki ya kuzungusha ukumbini, nilichojiuliza ni kwa nini mimi. Wenzangu wa mwaka wa pili walipewa meza ya kuandikisha wageni, wakakaa kwenye viti wakipiga picha. Mimi nikapewa kutembea. Mwenyekiti wa kamati, mwanafunzi mwenzetu aliyevaa tai ya kuazima, aliniambia, "Dada, wewe mwepesi." Nikamwangalia tu.

Kongamano lenyewe lilikuwa letu, wanafunzi wa vyuo vya afya. Walimu walikuja kama wageni, wakakaa mbele kwa adabu huku wakiangalia saa. Tulikodi ukumbi, tukaazima projekta, tukamngoja mgeni rasmi mpaka maandazi yakapoa. Kila mtoa mada alianza kwa kusema itifaki imezingatiwa, hata yule aliyeingia akihema na kumruka mgeni rasmi bila kumsalimia. Nilikuwa nacheka moyoni, nikipanda na kushuka kati ya viti.

Sasa, ili unielewe, lazima nikueleze habari za mama yangu. Kwetu ni Mgeta, kule juu milimani. Mama aliacha kulima magoti yalipomshinda, akaanza kuuza chai na maandazi kwa vijana wanaopakia kabichi, pale malori ya Dar yanaposimama. Pale ni yeye tu mwenye biashara hiyo. Ndiye pia anayenilelea binti yangu wa miaka mitatu, kwa sababu chumba nilichopanga mjini, Kihonda, ni cha kulala mtu mmoja, na ratiba ya chuo haijui mtoto ni nini. Kaka yangu anaishi hapohapo kwa mama, analima kabichi na karoti, na mpwa wake huyo anampenda kupita kiasi. Alikuwa amemtengenezea gari la chupa tupu lenye magurudumu ya vifuniko vyekundu. Mama alinitumia picha mtoto amelikumbatia, nami nikaiweka iwe ya kwanza kuonekana kila nikiwasha simu.

Wakati wa mvua za masika walipanda huko vijana wa chuo kingine. Walikuwa wanapima kama dawa za kuulia wadudu wa mboga zinaingia mwilini mwa watu. Hawakutaka damu, walitaka mkojo. Waligawa vikopo jioni, wakasema watavifuata asubuhi. Mama akanipigia simu, sauti imempanda.

"Hivi kweli mtu na akili zake anakuja kuomba mkojo wa watu? Anakwenda kuufanyia nini?"

"Ni utafiti, mama. Wape."

"Utafiti! Leo mkojo, kesho watataka kucha zangu."

Nilimbembeleza. Nilikuwa na sababu yangu: mikono ya mama ilikuwa inakufa ganzi, na kichwa kilikuwa kinamgonga kila jioni. Hospitali haendi, anasema ni uzee tu. Nikaona hapa amepata kipimo cha bure mlangoni kwake. Nikamwambia majibu yatakuja, utajua hali yako, nami nitajua. Akaguna, akasema haya.

Majibu hayakuja. Na mama, ambaye anakumbuka mpaka nani hakuitikia salamu yake kanisani mwaka juzi, hakuyauliza hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nauliza. "Majibu vipi, mama?" Ataniambia kabichi zimeshuka bei. Nikirudia, ataniambia barabara imekatika tena. Nikirudia tena, ananipa mtoto tuongee. Nikasema hapa kuna kitu. Huyu majibu anayo, na ni mabaya, anayaficha ili nisiache masomo nikapanda kwenda kumuuguza. Nilikuwa nalala na wazo hilo na kuamka nalo.

Basi, tulipotoka kwenye chai ya saa nne akapanda jukwaani kijana mmoja mwenye suti ya bluu iliyomkaa vizuri mno kwa mwanafunzi. Hilo peke yake lilinitosha nisimwamini. Akazingatia itifaki yake, kisha slaidi ya kwanza ikatokea: mabaki ya dawa za mashambani katika mkojo wa wakazi wa kijiji kimoja cha milimani. Chini yake kulikuwa na picha. Watu walikuwa wamefichwa nyuso, lakini hawakuuficha mti wa mkaratusi uliokatwa kichwa na radi, wala lile banda la bati ambamo mama huinjika birika lake.

Kumbe majibu yapo! Yapo mjini Morogoro, yamevaa suti, yanapigiwa makofi. Ila yule kijana hakuyaita majibu, aliyaita matokeo. Kule juu, walipokuwa wanagawa vikopo, neno lilikuwa majibu.

Akaendelea na michoro yake ya rangi. Wanaopulizia dawa wamekutwa na kiasi kikubwa, wanaovuna kiasi cha kati, wengine kidogo. Yote yalikuwa na mantiki, walimu wakitikisa vichwa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepita tu, "Mshiriki mmoja alitolewa kwenye uchambuzi. Huyu ni mama anayeuza chai kwa wapakiaji wa malori. Halimi wala hapulizii, lakini kiwango chake kilizidi cha wapuliziaji wote. Tuliitilia shaka sampuli yake, tukamtoa." Akabonyeza, slaidi ikapita.

Ulipofika muda wa maswali, mikono ilinyooshwa. Mwalimu mmoja mbele alikuwa amenyoosha kalamu. Nilianza kumwendea, nikasimama katikati ya njia, nikajiwekea maiki mdomoni.

"Huyo mama mliyemtoa," nikasema, na spika ikapiga kelele, "mlimwambia?"

Watu wakageuka. Mwenyekiti akainuka nusu. "Dada wa maiki, tafadhali. Peleka maiki."

"Napeleka. Ajibu kwanza."

Wakacheka. Kijana wa suti naye akatabasamu. "Swali zuri sana," akasema, na mimi anayesifia swali kabla ya kulijibu namshuku papo hapo. "Kwa mujibu wa maadili ya utafiti, taarifa za mshiriki ni siri."

"Siri kwa nani? Mpaka kwa mwenyewe?"

Hapo kicheko kikapungua. Akasema matokeo ya jumla yatapelekwa kwa uongozi wa kijiji. Nikamuuliza jumla gani, wakati huyo mama hamo kwenye jumla, mmemtoa. Mwenyekiti akashuka, akaninyang'anya maiki mkononi, akampelekea mwalimu mwenyewe. Nilibaki nimesimama pale katikati kwa hasira, hata machozi yakanilenga.

Muda wa chakula yule kijana alinifuata mwenyewe, kashika sahani ya pilau.

"Dada, mbona umenivaa vile mbele za watu?"

"Yule ni mama yangu."

Akaiweka sahani kwenye ukingo wa dirisha. Lazima niseme, hapo uso wake ulibadilika, suti ikabaki suti tu.

"Samahani," akasema. "Kweli samahani. Kusema ukweli, tulidhani ametia dawa kwenye kikopo. Kuna watu hufanya hivyo, wakidhani watalipwa fidia."

"Mama yangu! Anayerudisha sindano aliyoazima hata kama amevunja ncha, anarudisha na nyingine! Huyo ndiye akatie sumu kwenye mkojo ili alipwe?"

"Ndiyo maana sikulisema jukwaani. Na kulikuwa na jambo jingine." Akapunguza sauti. "Mkojo wenyewe haukufanana na wa mtu mzima. Ulikuwa mwepesi. Wengine wakasema ameongeza maji. Lakini angeongeza maji, na dawa ingepungua, sasa mbona ilikuwa juu vile? Tulishindwa kuelewa. Tukaona tumtoe."

Mimi nami sikuelewa. Nilichosikia ni kwamba mama yangu ana sumu mwilini kuliko wanaume wanaobeba bomba la dawa mgongoni, na kwamba ananificha. Nikatoka nje barazani. Wingu lilikuwa limefunika milima yote, huwezi kujua kwetu ni upande gani. Nikapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo? Umekula?"

"Mama, leo usinifiche. Majibu yako nimeyaona."

"Majibu gani?"

"Ya mkojo."

Nilijiandaa kusikia akilia. Badala yake akacheka, kicheko kile cha mtu aliyefumaniwa na sukari mdomoni.

"Ala! Kumbe wamegundua?"

"Wamegundua nini, mama?"

"Na wewe usianze kunigombeza. Nilikwambia mapema, mimi simpi mtu nisiyemjua mkojo wangu akaenda nao huko kusikojulikana. Lakini ulinikalia kooni, toa mama, toa mama. Sasa nifanyeje? Nikawapa wa mtoto."

"Wa mtoto?"

"Si wa huyu mtoto wako! Asubuhi alipokuwa anakojoa nikamkingia kikopo, basi. Mtoto ni malaika, hata wakiuchezea hapati neno. Ndiyo maana sikukuuliza hayo majibu, ningeulizaje? Na mikono yangu imepona kitambo, ilikuwa ni kukanda unga na maji ya baridi."

Nilikuwa nimeegemea nguzo. Yule kijana alikuwa amenifuata mpaka mlangoni, akasimama hapo, na nadhani aliona usoni mwangu kitu kilichomzuia asisogee. Ile michoro ya rangi ikanirudia yote kwa mpigo, na mstari ule uliopita wapuliziaji wote. Mwepesi, alisema, haukufanana na wa mtu mzima. Nikaiondoa simu sikioni, nikaitazama picha. Binti yangu alikuwa anacheka, amelibana gari kifuani, na kifuniko kimoja chekundu kiko mdomoni. Miezi yote ile nilikuwa naiangalia picha hiyo kila siku, na sikuwahi kujiuliza zile chupa zilikuwa za nini. Mimi, mtu wa kushuku!

"Mama. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mtoto, mama, mtoto!"

"Yupo hapa nje na mjomba wake. Anamsaidia kuchanganya dawa. Kapewa na yeye kichupa chake, ananyunyizia maua, ungemwona ungecheka."

Nikasikia magurudumu yale ya vifuniko yakikwaruza saruji.

"Mtoe hapo," nikasema. "Mama, mtoe hapo sasa hivi!" Nilikuwa napiga kelele, watu wenye sahani wakageuka.

"Nimtoe nimpeleke wapi, mwanangu?" mama akasema, na sasa alikuwa hacheki. "Si ndiyo nyumbani kwao hapa?"