Miezi Minne Kati ya Ndugu Wawili

Mpwa wangu Msumeno alikuwa mchezaji bora kuliko wote niliowaona kwa macho yangu haya, na nimeona wengi, maana mimi kiwanjani sikai nyuma ya watu. Sisemi hivyo kwa kuwa mama yake ni dada yangu tumbo moja. Angekuwa garasa ningesema garasa. Mwanangu mwenyewe nilimwambia mbele ya wenzake kwamba mpira umemkataa, akatafute kazi ya kukaa. Jina la Msumeno alipewa akiwa na miaka kumi na mitatu, kwa sababu alikuwa anakata akienda na anakata akirudi. Beki aliyepitwa akijikusanya na kumwahi tena mbele, alipitwa mara ya pili, bila sababu yoyote, kwa raha tu. Kuna beki mmoja, mtu mzima mwenye watoto, alimkalisha chini mara tatu kipindi kimoja; yule bwana akavua viatu katikati ya mchezo akaenda nyumbani. Hakuaga.

Leo Msumeno ana miaka thelathini na mitano, na yuko kwenye ghala la vigae vya sakafuni. Kazi yake ni kugonga. Boksi likishushwa kwenye gari, analigonga ubavuni kwa ufunguo na kusikiliza. Likilia vizuri linapita, likilia kama sufuria iliyotoboka ujue ndani kuna kigae kimepasuka, analiweka pembeni. Wanasema hajawahi kukosea. Kipaji hakifi, jamani, kinahamia tu mahali pasipo na watazamaji.

Naandika haya kwa sababu mtaani wanayasimulia vibaya. Wapo wanaosema pombe, wapo wanaosema wanawake, na wapo wanaojua mpaka jina la mganga. Hakuna pombe hapa. Na mwanamke yupo mmoja tu, mama yake.

Baba yake, yaani shemeji yangu, ni fundi cherehani. Ni mtani wangu na nimemsema sana, lakini kazi yake anaijua. Ana sheria moja tu maishani: kitambaa hakikatwi sawasawa na kipimo. Unaacha akiba kwenye pindo, unaacha akiba kiunoni, maana mwenye nguo leo mwembamba, kesho mnene, na mtoto anarefuka usiku mmoja. Suruali zake za shule zilikuwa na pindo la kutosha kushona kofia.

Msumeno alipofika miaka kumi na sita na miezi mitatu, akaitwa kambi ya timu ya taifa ya vijana, wale wa chini ya miaka kumi na saba. Timu ilikuwa inakwenda kwenye mashindano nje ya nchi, kule ambako mawakala wa vilabu vikubwa hukaa jukwaani na madaftari. Wachezaji ishirini tu ndio watakaosafiri. Kocha alituambia ana kwa ana kwamba jina la kwanza kwenye orodha yake ni la kijana wetu, la pili hadi la ishirini bado anayatafakari. Kilichobaki ni karatasi: cheti cha kuzaliwa, fomu ya familia, na picha ya mfupa wa kifundo cha mkono, ambayo daktari akiiangalia anajua kama mtu bado anakua au alishamaliza zamani.

Sasa, kijana alikuwa halali kabisa. Miaka kumi na sita ya kweli, ya Mungu. Tatizo lilikuwa ndevu. Zilishatoka, na kimo alichukua cha kwetu, si cha shemeji. Wazazi wa wenzake walikuwa wananong'ona kwamba yule ana mke mahali.

Jioni moja nimekaa dukani kwake, shemeji akasimamisha cherehani, futi ya kupimia iko shingoni kama nyoka aliyechoka, akanipa hesabu yake.

"Shemeji, hapa kila mtu anakata miaka. Ukisema mtoto ana kumi na sita, wao wanajua umekata miwili, wanasema moyoni ana kumi na minane. Nikisema kumi na sita, nimemzeesha. Lakini nikisema kumi na minne, wataongeza miwili yao, watafika kumi na sita. Ndipo wataupata ukweli."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia kichwa chake kimepotea bure kwenye vifungo. Sikatai, nilimsifu. Ukiitazama hesabu ile, haina kosa. Na isitoshe, alisema, itabaki akiba: mtoto atacheza timu ya vijana miaka miwili zaidi.

Akaenda kwa mtu wa mihuri, cheti kipya kikatoka, Msumeno amezaliwa Machi, miaka miwili baada ya kuzaliwa. Cha zamani akakikata kwa mkasi wake wa kazi, vipande vyembamba. Kijana aliambiwa ajifunze mwaka mpya, akaukariri. Dada yangu hakuambiwa kitu. Yeye alikuwa anafua mashuka hospitalini, anatoka alfajiri, anarudi mikono imekunjamana kama ya mtu aliyetolewa majini, na shemeji aliona mambo ya karatasi hayamhusu.

Ikaja fomu ya familia. Shemeji aliijaza mezani pake, mwandiko mzuri, herufi zimesimama kama wanafunzi wa bweni. Baba, mama, kisha watoto kwa mpangilio, kila mmoja na tarehe yake. Ya Msumeno aliinakili kutoka kwenye cheti kipya. Ya binti, mtoto wa pili, aliitoa kichwani, na aliijua barabara kwa sababu alizaliwa siku cherehani yake ya kwanza ilipoingia nyumbani. Julai. Akaiandika kama ilivyo, maana umri wa binti haukuwa na haja ya kukatwa. Kisha akanipa mimi niisome, mimi niliyefika darasa la saba na nikalirudia. Nikasoma juu mpaka chini. Nikausifu mwandiko.

Siku ya ofisini tulikwenda wanne: shemeji, mimi, Msumeno ndani ya suti ya michezo ya timu, na dada yangu aliyeomba ruhusa ya nusu siku akaja na sare yake ya kufulia. Yeye alibaki kwenye benchi la koridoni, sisi tukaingia kwa katibu wa chama cha mpira. Daktari akaleta picha. Akasema mfupa bado haujafunga, kijana hajafika kumi na saba, hakuna ubishi. Katibu akacheka, akakiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaapa kwa zile ndevu. Tukapeana mikono. Kocha akampiga Msumeno begani. Katibu akachukua muhuri, akaugandamiza kwenye wino, akafunua fomu ya familia ili aigonge, na mkono ukabaki hewani.

"Mzee, hawa watoto wote ni wa mama mmoja?"

"Mmoja," shemeji akasema kwa majivuno. "Mimi mke wangu ni mmoja tu."

"Basi mke wako ana kasi kuliko mwanao. Huyu kamzaa Machi, huyu Julai. Mwaka huohuo."

Shemeji akaitazama fomu kama anavyotazama kitambaa cha mteja alichokikata vibaya. Nilimwona anatafuta akiba iko wapi. Hakuna. Ndipo akasema, sauti ya chini lakini wote tulisikia: "Huyu mkubwa si wa mke wangu. Nilimzaa nje."

Msumeno alinitazama mimi. Nikasoma kalenda ya ukutani, mwezi mzima.

Katibu hakuwa mjinga. Akaagiza mama aitwe. Shemeji akainuka ili akamwite mwenyewe, akaambiwa kaa. Dada yangu akaingia anafuta mikono kwenye sare, mikono mikavu, ni mazoea tu. Msumeno akamtikisia kichwa. Hapana, hapana. Baadaye dada alinieleza alivyomwelewa: alidhani mtoto anamwambia asiogope wakubwa.

"Mama, umezaa wangapi?"

"Watatu."

"Na huyu?"

"Huyu ndiye aliyenifungua tumbo." Akacheka kidogo. "Kilo nne, baba. Nusura nife."

Lazima mwelewe alikujaje pale. Wiki nzima kazini kwake walikuwa wanamsema kwamba mwanawe ni mzee aliyejificha kwenye timu ya watoto. Alikuja kumtetea. Akafungua mkoba, akatoa kadi ya kliniki ya miaka kumi na sita iliyopita, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, akaiweka mezani na kuinyoosha kwa kiganja. Tarehe ya kuzaliwa, uzito, chanjo zote. Akasema, "Someni wenyewe. Mwanangu hajadanganya mtu."

Katibu akapanga vitu vitatu mbele yake. Picha ya mfupa na kadi ya kliniki zilikuwa zinasema neno moja. Cheti kilikuwa kinasema lake.

"Mtoto wenu alikuwa halali," akasema. "Sasa mlighushi ili iweje?"

Katibu akaeleza, na nadhani ilimuuma. Aliyezidi umri, alisema, yeye angejua la kumfanya, wapo wengi. Lakini mchezaji halali mwenye cheti cha uongo akikaguliwa huko nje, timu nzima inafutwa. Akaliandika jina. Miaka miwili ya kufungiwa. Baba alikata miwili, chama kikakata mingine miwili.

Nafasi akapewa mtoto wa dereva wa lori, wa mtaa wa pili. Huyo alikuwa na miaka ishirini na mke mjamzito, na mkono uliopigwa picha haukuwa wake, ulikuwa wa mdogo wa mke wake. Lakini mama yake alizaa mara moja tu. Fomu yake ilikuwa na mtoto mmoja, hakuna wa kushindana naye miezi. Akasafiri, akafunga mawili, akachukuliwa. Amecheza huko miaka kumi na miwili.

Ningependa kuwaambia kwamba mpwa wangu alivunjika mguu katika ile miaka miwili. Hakuvunjika kitu. Alikuwa anakwenda mazoezini, anasimama pembeni ya mstari, mikono mfukoni, anarudi. Kufungiwa kulipokwisha alikwenda kujaribiwa kwenye klabu moja. Kocha akamuuliza ana miaka mingapi. Akajibu, "Kamuulize mama yangu," akageuka akaondoka.

Hilo ndilo lililobaki. Hakumlaumu baba yake hata siku moja. Walikula pamoja, walicheka pamoja, alimsaidia kukata vitambaa. Lakini alimsalimia mama yake kama mtu anavyomsalimia mwenye nyumba. Nilimkalisha chini mara nyingi, nikamwambia wewe ni punguani, aliyekuuza ni huyu unayekula naye sahani moja. Akaniambia baba alimkana ili apite. Mama ndiye aliyemdai kuwa wake mbele za watu.

Pale ghalani wana televisheni ndogo kwa mtunza stoo. Yule mtoto wa dereva sasa amestaafu, amenenepa, anachambua mechi akiwa na tai. Akitokea, mtunza stoo anaita, "Msumeno, njoo umwone aliyevaa jezi yako." Wanacheka. Na yeye huenda. Anasimama, anatazama mpaka uchambuzi unaisha, anarudi kwenye maboksi yake.

Mwezi uliopita dada yangu alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa macho yote mawili. Mtoto wa jicho, umri umefika. Aliambiwa atatoka amefungwa bandeji, aje na mtu wa kumshika mkono. Binti yake alikuwa tayari, lakini dada akanituma ghalani. Anamtaka wa kwanza. Siku moja tu, alisema, na hata asiposema neno njia nzima si kitu, yeye mwenyewe atakuwa haoni.

Nilimkuta katikati ya maboksi, ufunguo mkononi. Nikafikisha ujumbe, nikaongeza na maneno yangu mazuri, maana kubembeleza najua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Angesema simjui, mjomba. Neno moja. Baba aliliweza."

Nikarudi kwa dada yangu. Mwingine angedanganya, angesema kijana ana zamu, ana homa. Mimi siwezi kukaa na neno, linaniwasha. Nikamwambia kama lilivyo. Alikuwa anakunja shuka, peke yake, ncha moja kaibana kwa kidevu. Akamaliza kulikunja. Akaliweka juu ya mengine, akalisawazisha, akasema, "Kamwambie basi. Simjui."

Nikamwambia dada, hilo usinitume. Akaniambia mbona lile la kwake umelileta.

Kesho yake nikaenda tena. Lori lilikuwa linaingia kinyumenyume, Msumeno kasimama nyuma yake. Nikalisema, sikuongeza wala sikupunguza. Akaniuliza kama amesema hivyo kweli, kwa mdomo wake. Nikasema kweli. Akanitazama kidogo, kisha akaniomba nisogee ukutani nisije nikakanyagwa. Nikasogea. Akainua mkono kumwelekeza dereva: rudi, rudi, kata kulia, rudi, hapo.