Siagi ya Bibi na Jua la Tambarare

Juzi binti mmoja wa dukani mjini Moshi alinisifia mafuta ya kujipaka. "Dada, haya ni shubiri tupu," akasema. Nikafungua kifuniko, nikanusa. Harufu ya maua! Nikamrudishia chupa yake. Shubiri ninayoijua mimi inanuka majani mabichi yaliyopondwa na kitunguu, na ukishaivuta puani ulimi unaingia uchungu kabla hujaonja. Nikiisikia harufu hiyo uso wangu wote unakaza, hata leo, mtu mzima mwenye mvi ambazo, kwa rangi ya nywele zangu, hakuna anayeziona.

Nilizaliwa na ualbino, nikakulia Masama, ndani ya kihamba cha migomba na kahawa ambamo jua hufika chini kwa kubembelezwa. Mama alinilea kwa amri. Kofia pana ya mitumba, mikono mirefu, na marufuku kukanyaga tambarare. Sisi wa mlimani, karibu kila nyumba ina shamba la pili kule chini kwenye joto, la mahindi na maharage, na miaka ile kahawa ilipokuwa imeshuka bei, maharage ndiyo yaliyotuvalisha. Watoto wote walikwenda kuvuna. Mimi nilibaki na kuku.

Mwezi wa saba mmoja, nikiwa nimeanza shule juzijuzi tu, Mama alikwenda Rau kumhudumia mdogo wake aliyejifungua. Alimwachia Bibi, mama yake Baba, maagizo yote kuhusu mimi. Bibi aliitikia "sawa, sawa", na Mama alipopotea tu kwenye kona akanigeukia.

"Manka, kesho unakwenda shambani na wenzako. Watu wanasema tunakuficha. Mjukuu wangu si pombe ya gongo hata afichwe!"

Jamani, nilivyofurahi! Nililala nimevaa nguo za shamba.

Asubuhi Bibi alinipaka siagi. Baridi ya mwezi wa saba kwetu hupasua ngozi mpaka ikatoa damu, na dawa yake ni siagi ya ng'ombe wa nyumbani, ile inayosukwa kwenye kibuyu. Kwa Bibi adui wa ngozi alikuwa ukavu, basi, uwe wa baridi au wa jua. Alinisugua uso, shingo, mikono na miguu, nikang'aa kama andazi. Wingu lilikuwa zito. "Leo jua limelala," akasema, akanivua kofia ili watu wauone uso wangu vizuri.

Tulipofika tambarare wingu lilikuwa bado limetanda. Niling'oa maharage mstari mmoja na watoto wengine, na kila aliyepita njiani Bibi alimwita. "Njoo umwone mjukuu wangu anavyofanya kazi!" Kabla ya adhuhuri wingu likapasuka, na pale shambani hapakuwa na hata mti wa kujibanza. Siagi ilianza kunichuruzika shingoni, ya moto. Nilihisi mtu ananivuta ngozi ya mashavu kwa nyuma. Lakini nani angekubali kurudi kwa kuku? Nikaendelea kung'oa.

Jioni tulipofika nyumbani Bibi alinitazama usoni, akanyamaza kimya. Bibi yangu hakuwa mtu wa kunyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa. Akakimbilia nyuma ya banda la kuku, kulikoota shubiri tuliyowawekea kuku kwenye maji ya kunywa ugonjwa wa kideri ulipoingia kijijini. Akavunja jani, akanisugua nalo hivyo hivyo, pamoja na yale maji yake ya njano yanayowasha. Yesu wangu! Nilipiga yowe Baba akatoka zizini mbio. Bibi akaona shubiri imekataa, akaleta siagi tena, akanipaka juu yake. Ngozi ikazidi kuwaka, na malengelenge yakaanza kutoka shingoni.

Kesho yake asubuhi macho yangu hayakufunguka. Uso ulikuwa umevimba, kwa hiyo kurudi kwa Mama nilikusikia tu. Baba alikuwa amemtumia habari kwa gari la kwanza. Nikasikia hatua zake, nikasikia zikisimama mlangoni. Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Alinitoa siagi yote taratibu kwa kitambaa na maji yaliyopoa, akibadilisha maji tena na tena. Baadaye niliambiwa kwamba aliyasimamisha majani ya shubiri kwenye bakuli, sehemu iliyokatwa ikiangalia chini, mpaka ile njano ikachuruzika yote. Kisha akayamenya, akanilazia ule ute mweupe usoni bila kusugua, asiguse palipotoka malengelenge. Ubaridi wake nausikia mpaka leo. Akanipa uji mwembamba, akamwambia Baba, "Homa isiposhuka mchana huu tunakwenda hospitali. Ikishuka, kesho naondoka na mtoto. Narudi kwetu."

"Aisee, Mama Manka, tuzungumze kwanza," Baba akasema.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe zungumza na mama yako."

Homa ilishuka. Ungedhani nilifurahi, lakini nilisikia Mama akikunja nguo zangu na kuzifunga kwenye kanga, nikamfikiria Bibi. Bibi ndiye aliyenifundisha kukamua ng'ombe. Bibi ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda kanisani huku akiimba kwa sauti ili watu wageuke. Siku nzima alikaa nje ya mlango, asile, asiingie. Nilisikia kikohozi chake tu. Nilitaka kumwita, nikaogopa Mama.

Asubuhi ya kuondoka, kanga ikiwa tayari imefungwa, mlango ulilia. Nikasikia magoti ya mtu mzee yakigusa sakafu, goti moja, halafu la pili. Kitu kirefu, laini na baridi kikawekwa kiganjani mwangu. Nilikipapasa nikakijua. Lilikuwa jani la sale, mmea ule tunaoupanda mipakani. Kwetu ukimkosea mtu kosa lisilosemeka humwendei mikono mitupu, unampelekea sale, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa.

"Mama," sauti ya mama yangu ikatetemeka kwa hasira, "sale hapewi mtoto. Ungeniletea mimi."

"Aliyeungua ni nani?" Bibi akajibu.

 Baba alikuwa mle ndani, nilisikia viatu vyake. Bibi akasema polepole, "Manka, nimekukosea. Nilitaka watu wakuone, nikakuunguza. Nakuomba."

Niliufumba mkono juu ya lile jani. "Nimepokea, Bibi," nikasema, na midomo ikanipasuka kwa kusema.

Bibi akaangua kilio.  Mama yangu akasema kwa sauti kavu, "Mama, inuka. Njoo nikuonyeshe namna ya kuitoa shubiri maji yake ya njano." Nikawasikia wakitoka pamoja. Hatukuondoka.

Nilipokuwa mdogo nilidhani Bibi ameleta sale kumtuliza Mama. Ukubwani ndipo nilipoelewa. Siku zile watu walisema mtu kama mimi hafi, anapotea tu, na wako waliotema mate nikipita. Hata walionipenda walinionea huruma, wakinijadili mbele yangu kama vile sipo. Na huruma, ndugu zangu, hata mbuzi aliyevunjika mguu anaonewa. Sale hupelekewa mtu. Bibi alinichoma kwa ujinga wake na kwa upendo wake, silifichi hilo. Lakini mbele ya mwanawe na mkwewe alinipigia magoti mimi, akangoja nimjibu.